Sura ya Sita: Uzee Usio na Mlinzi

Ukatili dhidi ya wazee ni kitendo, au kutotenda, kunakomuumiza mtu wa umri mkubwa kutoka kwa mtu ambaye alistahili kumwamini. Anayemwumiza mara nyingi ni mtoto wake, mkwe, mjukuu, jirani, mlezi, au ofisa anayelipwa mshahara ili amhudumie. Hapo ndipo ukatili huu unapotofautiana na uhalifu wa kawaida: mwizi wa njiani hukimbiwa, lakini mzee hawezi kumkimbia anayempikia chakula. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili wa namna fulani katika jamii anamoishi. Wengi hawasemi, ama kwa kuona aibu kumshitaki damu yao, ama kwa sababu wakisema hawatakuwa na pa kulala.

Tanzania, kama zilivyo nchi nyingi za Afrika, hujivunia kuwaheshimu wazee, na heshima hiyo haijafa. Wako watoto wanaowatunza wazazi wao kwa moyo hadi siku ya mwisho. Lakini heshima ya familia imebebeshwa mzigo ambao serikali ilipaswa kuushika upande wa pili. Familia ikiwa maskini, ikisambaratika au ikiamua kumgeuka mzee, nyuma yake mara nyingi hakuna mtu. Sura hii inaeleza aina za ukatili huo, inaonyesha mahali ambapo dola ilikaa kando, kisha inataja hatua ambazo zimethibitika kumkinga mzee.

Aina za ukatili

Ukatili wa kimwili ndio unaofahamika zaidi: kupigwa, kufungiwa ndani, kufungwa kamba, kunyimwa chakula au dawa. Ukatili wa kihisia hauachi alama mwilini. Ni matusi, vitisho, kutengwa, kutoongeleshwa kwa siku nyingi ndani ya nyumba yenye watu. Wanawake wazee pia hubakwa, ingawa jambo hili huzungumzwa kwa nadra kwa sababu watu wengi hudhani umri ni kinga.

Ukatili wa kiuchumi ndio unaoenea kwa ukimya kuliko mwingine. Mjukuu hushika kadi ya benki na namba ya siri ya babu, akatoa pensheni na kumletea kidogo. Shamba huuzwa na watoto wakati mwenye shamba yuko hai na ana akili timamu. Mjane asiyejua kusoma huletewa karatasi, akaambiwa ni ya mgao wa mbolea, akaweka dole gumba, na msimu unaofuata anakuta mtu mwingine analima kwake. Kisheria huo ni wizi na udanganyifu. Kijijini huitwa "mambo ya kifamilia," na kwa jina hilo hurudishwa nyumbani na kila ofisi inapofikishwa.

Aina ya mwisho ni kutelekezwa. Mzee huachwa peke yake na watoto waliohamia mjini, au hupelekwa hospitali na waliomleta wasirudi kumchukua. Kutelekezwa kunaweza kufanywa na mtu mmoja, na kunaweza kufanywa na taifa zima.

Wazee ni nani, na wanaishi kwa nini

Tanzania humhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee takriban milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya wananchi wote. Wengi wao wanaishi vijijini na wametumia maisha yao yote kwenye kilimo, ufugaji, uvuvi au biashara ndogo. Hawakuwahi kuwa na mwajiri, kwa hiyo hawakuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii na hawana pensheni. Mkulima wa pamba wa Simiyu aliyeliingizia taifa fedha za kigeni kwa miaka 40 anaingia uzeeni mikono mitupu, wakati karani aliyepima pamba yake anapokea pensheni kila mwezi.

Wazee hao pia ni walezi. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, ulibaki na vijiji vilivyojaa bibi wanaolea wajukuu yatima. Bibi wa miaka 70 alijikuta akianza upya kutafuta sare za shule, daftari na chumvi, huku nguvu za jembe zimemwishia. Kumwita mtu kama huyo tegemezi ni kumkosea haki.

Ahadi zisizodaiwa mahakamani

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema katika Ibara ya 11 kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7 inatamka kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Mzee anayenyimwa msaada anaweza kuisoma haki yake, ila hawezi kuidai mbele ya hakimu.

Kenya ilichukua njia nyingine. Ibara ya 57 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inaitaka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali yenyewe. Ibara hiyo imo ndani ya Sheria ya Haki, kwa hiyo inaweza kupelekwa mahakamani. Familia na serikali zimetajwa pamoja, na hakuna anayeweza kumsukumia mwenzake mzigo wote.

Tanzania Bara ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Sera hiyo iliwatambua wazee kuwa hazina ya taifa na kuahidi matibabu, ulinzi na ushiriki katika maamuzi. Hata hivyo, miaka 20 baadaye, mwaka 2023, ilikuwa bado haijatungiwa sheria mahususi ya wazee. Sera huelekeza tu. Haimpi mwananchi nguvu ya kushitaki, wala haimlazimishi mkurugenzi wa halmashauri kutenga fedha.

Matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi kwenye zahanati. Wazee wasio na uwezo wameahidiwa matibabu bila malipo, na vituo vingi vimetenga dirisha la wazee lenye maandishi yanayowataka wengine wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Mzee hufika na kitambulisho chake, akapishwa, akamwona tabibu bila kulipa. Kisha hupewa karatasi akanunue dawa duka la nje kwa kuwa za pale zimekwisha. Shinikizo la damu na kisukari huhitaji dawa kila siku, mwaka hadi mwaka. Mzee asiye na shilingi ya duka la dawa anarudi nyumbani na karatasi, na kwenye daftari la kituo anahesabika kuwa amehudumiwa.

Hata waliokuwa waajiriwa hawakusalimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege walibaki wakidai mafao yao. Makubaliano ya kugawana mali na madeni kati ya Kenya, Uganda na Tanzania yalitiwa saini mwaka 1984, lakini kwa wastaafu wengi wa Tanzania madai yaliendelea kwa miongo mingine. Wazee hao walionekana mahakamani na katika barabara za Dar es Salaam wakidai jasho lao, na baadhi walifariki kabla ya kulipwa. Kumchelewesha mtu wa miaka 75 ni kumnyima, kwa sababu muda ndicho kitu ambacho hana.

Mauaji ya vikongwe

Hakuna jambo linaloonyesha gharama ya kukaa kando kuliko mauaji ya vikongwe katika Usukuma, hasa mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita. Kati ya mwaka 1970 na 1984, takwimu za serikali zilionyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya 2,200 kati yao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma.

Mauaji haya yana mpangilio wake. Mtoto anakufa kwa homa, au ng'ombe wanakufa, au mvua inakataa. Familia iliyofikwa na msiba inakwenda kwa mpiga ramli. Yeye hataji jina. Husema mbaya wao ni mwanamke mzee, anaishi karibu, upande fulani wa mji, na macho yake ni mekundu. Wenyewe hulijaza jina. Minong'ono huanza kisimani, watoto hukatazwa kula kwake, na wakati mwingine barua ya vitisho hudondoshwa mlangoni. Kisha usiku mmoja wakata mapanga huja. Mara nyingi ni vijana waliokodiwa, na anayewalipa anaweza kuwa ndugu wa damu.

Macho mekundu yana sababu inayojulikana. Maeneo mengi ya Usukuma yana uhaba wa kuni, na wanawake wamepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ndani ya jiko lisilo na bomba la moshi kwa miaka 50 au zaidi. Moshi huo, pamoja na maradhi ya macho yasiyotibiwa kama trakoma, huyafanya macho yawe mekundu hadi uzeeni. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyewapikia watu maisha yake yote huuawa kwa sababu ya alama iliyoachwa na upishi huo.

Nyuma ya imani kuna uchumi. Mtafiti Edward Miguel alichunguza mauaji katika wilaya ya Meatu na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua ni jamaa zao. Chakula kilipopungua, aliyehesabika kuwa hana kazi ndiye aliyeondolewa kwanza. Mahali pengine chanzo ni ardhi. Sheria za kimila zilizotangazwa rasmi mwaka 1963 zilimpa mjane nafasi finyu mno katika urithi, na mjane anayekalia shamba la marehemu mume wake huonekana kizuizi kwa wanaolitamani. Tuhuma ya uchawi humwondoa bila kesi ya ardhi.

Serikali iliwahi kuingilia kwa nguvu. Mwaka 1976 ilianzishwa operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mamia ya watu walikamatwa, baadhi waliteswa, na wako waliofia mikononi mwa vyombo vya usalama. Kashfa hiyo ilimfanya Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ajiuzulu mwanzoni mwa 1977, kitendo ambacho hadi leo hutajwa kuwa mfano wa uwajibikaji. Lakini kwa bibi wa Usukuma operesheni hiyo haikubadilisha kilichokuwa kikimuua. Moshi ulibaki jikoni, ramli ilibaki mtaani, na shamba lake halikupata hati.

Sheria nayo ina kasoro ya msingi. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 inauhesabu uchawi kuwa kosa. Hivyo mzee anayekimbilia kwa mtendaji wa kijiji kuomba ulinzi anaweza kupokelewa kama mtuhumiwa. Kwenye pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kilifi, hali inafanana: wazee wenye mvi, wakiwemo wanaume wengi, husingiziwa uchawi na kuuawa, na migogoro ya ardhi ya ukoo iko karibu kila mara. Waliookoka wamehifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma huko Ganze, wakiishi mbali na mashamba ambayo ni mali yao halali.

Kinachomkinga mzee

Kinga ya kwanza ni kipato kinachojulikana kuwa ni cha mzee mwenyewe. Zanzibar ilionyesha mfano mwezi Aprili 2016 ilipoanza Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, kwa fedha za bajeti ya serikali yenyewe. Kiwango cha kwanza kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa hadi 50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa mpango wa Inua Jamii unaowapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara inao mpango wa kunusuru kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), lakini huo huchagua kaya, na mzee anayeishi kwenye kaya isiyochaguliwa hana chake. Huko Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa bibi wanaolea yatima pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba fedha hizo zilikwenda kwenye chumvi, sabuni na mahitaji ya shule ya wajukuu. Mzee mwenye kipato huacha kuhesabiwa kuwa mdomo wa ziada. Ule msukumo wa kumwondoa wakati wa njaa hupungua, na hilo ndilo funzo la Meatu.

Kinga ya pili ni karatasi. Mzee anahitaji kitambulisho cha taifa chenye umri sahihi, hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na wosia ulioandikwa mbele ya mashahidi. Ofisi zinazotoa nyaraka hizo zinapaswa kumfuata alipo. Alama za vidole za mtu aliyeshika jembe miaka 50 huwa zimefutika na mashine hukataa kuzisoma. Nchini Uganda, wazee wamekosa fedha zao za uzeeni kwa sababu kadi ya taifa ilikosewa mwaka wa kuzaliwa. Mfumo unaomkataa mzee kwa kosa la karani ni ukatili uliofanywa kwa kompyuta.

Kinga ya tatu ni afya na mazingira ya nyumba. Jiko banifu lenye bomba la moshi, upasuaji wa mtoto wa jicho na tiba ya trakoma hulinda macho ya wanawake, na kwa Usukuma hilo huokoa uhai moja kwa moja. Mashirika yaliyofanya kazi Magu na Misungwi yaliunganisha majiko hayo na ujenzi wa nyumba imara zenye milango inayofungika, elimu ya urithi, na mazungumzo na sungusungu (walinzi wa jadi wa kijiji) na waganga. Kazi iliyofanyika katika wilaya hizo inapaswa kuwa mpango wa halmashauri zote, na isingoje wafadhili.

Kinga ya nne ni mtu wa kumkimbilia. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mpango wa taifa wa kupambana na ukatili uliozinduliwa kwa kipindi cha kuanzia 2017 ulihusu wanawake na watoto. Yote mawili ni mema, lakini mzee hakutajwa katika jina la lolote kati yake, na babu anayepigwa na mwanawe hajui kama dawati hilo ni lake. Ofisa ustawi wa jamii anatakiwa afike kila kata, awe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao na awatembelee. Mabaraza ya wazee yapewe bajeti na nafasi ya kudumu katika vikao vya kijiji. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na hao wanaweza kumsaidia mzee kuandaa wosia na kumwelekeza namna ya kufikisha dai lake katika baraza la ardhi. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, bibi waliochoka kubakwa walijifunza mbinu za kujihami. Ujasiri wao ni wa kusifiwa, ila ni aibu kwa serikali yoyote bibi wa miaka 80 akilazimika kujifunza kupiga ngumi.

Makazi ya wazee ni kimbilio la mwisho. Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza na Nunge jijini Dar es Salaam, pamoja na Sebleni na Welezo huko Unguja, yamewahifadhi wasio na mtu. Yanahitaji chakula cha uhakika, wauguzi na ukaguzi wa mara kwa mara, kwa kuwa mzee anaweza kuteswa hata ndani ya nyumba ya hifadhi.

Kinga ya tano ni sheria. Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee mwezi Januari 2016, na ilianza kutumika mwaka 2024 baada ya kuridhiwa na idadi ya nchi iliyohitajika. Itifaki hiyo inazitaka nchi zipige marufuku mila zinazowadhuru wazee, zikiwemo tuhuma za uchawi. Serikali inayoiridhia na kuitungia sheria ya ndani humpa mzee kitu ambacho sera ya 2003 haikuweza kumpa: haki inayodaiwa.

Dalili za kuangalia

Ukatili huonekana mapema kwa anayetazama. Mzee ana michubuko inayoelezwa kwa hadithi zinazobadilika. Anakonda ghafla, nguo hazifuliwi, dawa zake hazinywewi. Anaogopa kuzungumza mtu fulani akiwapo. Shamba au mifugo yake inauzwa na hajui bei. Jina lake linaanza kutajwa katika minong'ono ya uchawi. Kwa dalili hii ya mwisho kila siku ina thamani: tuhuma hutangulia panga, na kiongozi wa kijiji aliyeisikia na kunyamaza ana sehemu yake katika damu.

Jirani anaweza kuzungumza na mzee faraghani, kumtaarifu mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au ofisa ustawi, na kufika polisi iwapo kuna hatari. Hayo ni ya jirani. Yaliyobaki ni ya serikali: pensheni kwa kila mzee, dawa zilizopo kwenye dirisha la wazee, hati ya shamba, na sheria inayotekelezwa. Gharama yake inapimika na mifano yake ipo Zanzibar na Kenya. Tanzania Bara haina sababu ya kuendelea kuwasubirisha wazee wake.